Mgeni Aliyetaka Kupanda Mti

Mimi mtu akiniambia "nimekuja kujifunza kwenu," naanza kwanza kuhesabu kuku wangu. Ndivyo nilivyo na siombi radhi. Huku kwetu Matombo wameshakuja wengi kujifunza. Wapo waliokuja kujifunza udongo, wakaondoka na mawe mekundu mfukoni. Wapo waliokuja kujifunza habari za miti na hewa, wakatupiga picha tumesimama chini ya miti yetu wenyewe, na mpaka leo sijui zile picha ziliishia wapi. Kwa hiyo bibi shamba alipopita na pikipiki yake kututangazia kwamba tunaletewa mkulima kutoka Marekani, mama mtu mzima, atakaa misheni wiki chache na mchana atakuwa nasi mashambani, wenzangu wa kikundi cha kulima viungo walipiga vigelegele. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Kwao ardhi imekwisha?"

"Ah, mama nawe!" bibi shamba akacheka. Ni binti mzuri, anajua dawa zote za wadudu, lakini si wa milimani huku. Amezaliwa mjini, hana shamba la kuibiwa, ndiyo maana anacheka.

Mimi ninalo. Liko juu ya misheni, kwenye mteremko unaokufanya uongee kwa kukatakata ukifika. Lina migomba, lina mdalasini, lina pilipili manga zilizoparamia miti, na katikati yake, chini ya mwamba, inatoka chemchemi ambayo hata kiangazi kikali hainyamazi. Lilikuwa la bibi yangu, akampa mama yangu. Mama yupo, macho yamemwondoka lakini ulimi bado uko kazini. Siku atakayotangulia litakuwa langu, kisha la binti yangu. Kwetu Waluguru ardhi inapita kwenye tumbo la mama. Mwanamume anaweza kulima mpaka mgongo upinde, shamba linabaki la ukoo wa mama.

Na ardhi inaweza kupotea huku unaiangalia. Nililiona hilo kwa macho yangu. Ukoo wa ng'ambo ya mto walimwazima mgeni mmoja kipande alime mahindi. Mahindi, hakuna tatizo. Baadaye akaomba apande miti ya misaji pembeni, eti kuzuia upepo. Wale ni watu wapole, wakamwachia. Misaji ikakua, wazee walioazima wakafa mmoja baada ya mwingine. Siku ya kesi yule bwana hakuleta karatasi hata moja. Alinyoosha kidole tu kwenye misaji akauliza, "Hii nani kaipanda?" Kipande kikaenda.

Ndiyo maana kwetu ukimwazima mtu shamba, unamwazima kwa kitu cha msimu. Apande mahindi, apande maharage, kitu cha kung'oka na kwisha. Mti hapandi. Mti una mwenyewe, na udongo unamfuata mwenye mti. Akishavuna anakuletea ngoto, ndoo ya maharage au jogoo, si kwamba una njaa sana, bali ni kukiri mbele ya watu kwamba shamba ni lako. Sisi tunaye mmoja, baba mapacha, anayelima shamba letu la chini. Alikuja siku nyingi kutoka upande wa Dumila, alikokuwa akiuza vitunguu kando ya barabara, na wale mapacha wamezaliwa hapa hapa. Mtu wa adabu. Hajawahi kukosa ngoto hata mwaka mmoja.

Basi, mgeni akaja, mwezi wa pili, jua linachoma na kila mtu anasubiri masika. Mrefu, nywele nyeupe kazikata kama mwanamume, buti zimechakaa kisigino. Akampigia mama yangu magoti na kusema "Shikamoo." Vizuri. Kisha akanigeukia mimi, mtu wa rika lake kabisa, akanipa shikamoo na mimi. Nikaitikia, lakini moyoni nikasema, huyu anayegawa heshima bila kuangalia anataka kununua nini?

Tuliketi uani kwetu, wanawake wote wa kikundi, bibi shamba katikati kama mkalimani. Nikaanza mimi.

"Muulize kwao analima nini."

Akajibu kwamba analima mahindi na soya, kwenye ardhi tambarare mpaka macho yanachoka.

"Mahindi hayo wanasaga wenyewe au wanapeleka mashine?"

Bibi shamba akauliza, akasikiliza, akasita kidogo. "Anasema hawali yale mahindi. Yanalishwa ng'ombe. Na mengine yanatengenezwa mafuta ya gari."

Jirani yangu, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko kengele ya misheni, akapasuka. "Mafuta ya gari? Mahindi? Toba! Na wao wanakula nini, lami?"

Tulicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Mgeni naye akacheka, na hilo nalo sikulipenda. Mtu anayecheka unapomcheka ana jambo lake.

Siku zilizofuata nilimbana kila nilipopata nafasi. Tunachuma pilipili manga, namuuliza. Tunaanika mdalasini, namuuliza. Nilikuwa nataka ajikanyage, maana mwongo ukimrudisha nyuma mara nyingi atajikwaa kwenye maneno yake mwenyewe. Lakini kadiri alivyojibu ndivyo mambo yalivyozidi kuwa ya ajabu. Asubuhi, alisema, kabla ya shamba, anaendesha basi la shule.

"Basi la shule?" nikasema. "Mkulima?"

"Anasema mazao peke yake hayatoshi," bibi shamba akaeleza. "Na ile kazi ya basi inampa bima ya afya."

"Na sasa yuko hapa, watoto wanapelekwa na nani?"

"Na shemeji yake."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Mwenye jibu kwa kila kitu namwogopa mimi.

Mume wake, alipokuwa hai, wakati wa baridi ardhi ikiganda kama jiwe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akitengeneza matrekta ya watu. Kaka yake anafuga ng'ombe wa maziwa, anaamka gizani kila siku ya Mungu, hajui sikukuu wala msiba. Jirani yake anafuga kuku, banda refu kuliko kanisa letu, lakini kuku si wake. Kampuni inaleta vifaranga, inaleta chakula, kisha inakuja kuwachukua kuku wakishanona.

"Sasa yeye chake ni kipi?" nikauliza.

Bibi shamba akauliza, akaanza kucheka kabla ya kutafsiri. "Anasema, banda, mkopo wa banda, na mavi."

Hapo hata mimi nilishindwa kujizuia.

Kuna mwingine anatengeneza sabuni kwa maziwa ya mbuzi na kuiuza kwenye simu. Kuna wanaovuna mboga za majani wakiwa wamehama kutoka nchi ya jirani, wanafuata mavuno jimbo hadi jimbo, wanalala kwenye nyumba za magurudumu na hawana hata tuta lao. Yeye mwenyewe ana kipande cha maboga, na msimu wa maboga watu wa mjini wanakuja na watoto wao, wanalipa, wanaingia shambani, wanavuna wenyewe.

"Ngoja," nikasema. "Wanalipa ili wavune wao?"

"Ndiyo."

"Wakishavuna wanayala?"

"Anasema wengi hawali. Wanayachonga macho na mdomo, wanayaweka mlangoni mpaka yaoze."

"Walete hao watu Matombo," akadakia jirani yangu. "Wanivunie mihogo na wanilipe juu!"

Lakini alipofika kwenye nyuki wa kukodi ndipo nilipofunga ukurasa. Alisema kuna sehemu ya nchi yao wanalima lozi, na miti ikichanua nyuki wa pale hawatoshi, kwa hiyo wenye mizinga wanapakia nyuki kwenye malori na kusafiri nao kutoka mwisho mwingine wa nchi, wanakodisha, maua yakiisha wanapakia tena. Nyuki wanasafiri kwa lori kwenda kibaruani. Nikaweka ungo chini.

"Huyu anatuona watoto," nikamwambia mama jioni ile tukiwa tunamenya ndizi. "Mkulima gani ana basi, ana maboga ya kuozea mlangoni, anajua habari za nyuki wenye kazi? Mkulima ni mkulima. Huyu ni mtu wa madini au mtu wa ardhi. Nakuambia."

Mama akaendelea kumenya, kisu hakikosei ingawa haoni. "Na wewe juzi Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Sokoni, nauza ndizi."

"Na Jumapili baada ya misa?"

"Nakaanga vitumbua, mama, unajua."

"Na cherehani ile iliyonikosesha usingizi, ni ya nani? Na karafuu za watu unazozikusanya kupeleka Morogoro? Mkulima ni mkulima, eti. Kama wewe ni mkulima basi hata yule ni mkulima. Lete ndizi nyingine."

Mama yangu akiamua kukufunga mdomo anaufunga na komeo.

Lakini sikukubali kirahisi. Kesho yake nikampima kwa jembe. Nilimpa jembe langu bovu kuliko yote, lenye mpini unaocheza, nikampeleka kwenye mteremko kutengeneza ngazi za matuta. Nilitegemea alime kama wafungwa wa gereza la Kingolwira, macho kwa askari na mikono inasubiri kengele. Hakuanza kulima. Kwanza alipitisha kidole gumba kwenye makali ya jembe, akakunja uso. Akatafuta jiwe kijitoni, akaketi, akalinoa taratibu bila kuniangalia. Kisha akagongesha mpini chini ukaingia, akalilaza jembe zima kwenye maji ya chemchemi ili mbao ivimbe. Hakuna aliyemwambia. Alipolitoa lilikuwa limeshika barabara.

Mteremko ulimshinda, hilo siwezi kumdhulumu ukweli wala kumpamba. Alisimama juu akalima kuelekea chini kama mtu wa tambarare, akaserereka mpaka kwenye mgomba, na jirani yangu akalazimika kwenda kuchekea nyuma ya nyumba. Nikamwonyesha: unasimama chini, uso kwenye mlima. Akashika. Mpaka jua linapinda alikuwa amemaliza ngazi nzima na malengelenge yamepasuka mkononi wala hasemi.

Mngedhani nililainika. Thubutu! Nilizidi kuogopa. Mpaka hapo nilikuwa nadhani ni mwongo anayejifanya mkulima, na mwongo utamfukuza kwa maneno tu. Sasa nilijua ni mkulima kweli. Mkulima wa kweli anapenda kitu kimoja duniani, na kitu hicho ndicho nilichokuwa nimekalia mimi. Nikaanza kuona mambo. Aliuokota udongo wa karibu na chemchemi akaubana kwenye kiganja, akaunusa, akafumba macho kama mtu anayesikia harufu ya pilau la jirani. Aliuliza chemchemi inakauka mwezi gani. Nikadanganya kwamba inakauka mapema. Aliuliza shamba ni la nani. Nikasema ni la ukoo, ukoo mkubwa sana, wengine wakali. Aliuliza yule mwanamume wa shamba la chini anayenisalimia kila asubuhi akiwa amesimama pembeni, haingii uani, ni ndugu yangu? Nikamwambia bibi shamba asitafsiri, tuendelee na kazi.

Siku moja kabla mgeni hajaondoka ndipo kisa kilipotokea. Nilitoka sokoni, nikapanda mlima na kapu kichwani, nikasikia watu wengi shambani kwetu. Kikundi chote kilikuwepo, mama ameletewa kiti bila kuambiwa kuna nini, bibi shamba ameshika simu tayari kwa picha. Na mgeni alikuwa amepiga magoti karibu na chemchemi, mbele ya shimo lililochimbwa vizuri, mkononi ana mche wa parachichi kwenye kiriba cheusi cha nailoni.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Kumbukumbu, mama!" bibi shamba akasema kwa furaha. "Kila mgeni wa mradi anapanda mti anapoaga. Amechagua hapa kwenu. Anasema ndipo alipopapenda kuliko kote."

Ndipo alipopapenda! Nilitua kapu, ndizi zikabingirika, nikaenda nikaweka mguu wangu ndani ya shimo. Mguu mzima, na kandambili yake.

"Hapa hapandi mtu."

Wenzangu wote wakaangalia chini. Walijua. Walikuwa wameona aibu kusema mbele ya mgeni, wakawa wananisubiri mimi mwenye mdomo. Ni bibi shamba peke yake aliyeshangaa. "Lakini mama, ni mti tu."

"Ni mti tu kwenu mjini."

Mama yangu akagonga fimbo chini. Akaeleza mwenyewe, kwa upole kuliko ambavyo ningeeleza mimi: kwamba mwenye kuazimwa hapandi mti, kwamba mti una mwenyewe na udongo unamfuata, kwamba ng'ambo ya mto kuna watu walipoteza kwa misaji. Hakumwita mgeni mwizi. Alisema tu, "Mwambie hatumkatai yeye. Tunaukataa mti wake." Bibi shamba akatafsiri muda mrefu, sauti inashuka, kwa sababu naye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Nilimkazia macho mgeni. Nilisubiri akasirike, au acheke, au atoe pochi. Hakufanya hata kimoja. Aliweka mche pembeni, akaketi kwenye tope na suruali yake, na akaanza kuongea polepole huku anaangalia mguu wangu uliokuwa bado shimoni.

"Anasema anaelewa," bibi shamba akatafsiri. "Anasema hata yeye haruhusiwi."

"Haruhusiwi nini?"

"Kupanda mti. Shamba analolima si lake, mama. Nyumba tu na kipande cha maboga ndivyo vyake, navyo viko rehani benki. Ile ardhi kubwa ya mahindi ni ya kukodi. Baba mkwe wake aliikodi kwa mzee mmoja, mume wake akaikodi kwa mzee yule yule, na mzee alipofariki ikaenda kwa binti yake anayeishi mjini. Kila mwaka Krismasi ikipita anaoka mkate wa tufaha, anampelekea yule binti, wanaongea habari za watoto, na kabla hajaondoka anauliza kama mwaka huu tena atalima. Amelima pale tangu ameolewa. Hajapanda mti hata mmoja."

Bibi shamba akaendelea kutafsiri.

"Mwaka huu alipopeleka mkate ameambiwa basi. Binti amepata watu wa sola. Watafunika shamba lote kwa paneli za umeme wa jua. Mavuno yajayo ndiyo ya mwisho, baada ya hapo atabaki na basi la shule na maboga. Anasema alipoona huku kwenu shamba linapita kwa mama, hakuna wa kukuambia basi, alitaka apande mti mmoja maishani mwake mahali ambapo hautang'olewa. Hakujua. Anaomba msamaha."

Wenzangu walianza kuguna ile miguno ya msibani. Jirani yangu alikuwa ameshashika pembe ya khanga. Mimi niliona huruma, sikatai. Lakini mguu sikuutoa. Huruma ndiyo iliyowaletea misaji wale wa ng'ambo ya mto.

Ndipo mgeni akainua uso, akanyoosha mkono kuelekea chini ya mteremko. Baba mapacha alikuwa kwenye maharage yake, ameinama, hajui kinachoendelea.

"Anauliza tena," bibi shamba akasema. "Yule ni ndugu yako?"

Safari hii mama alikuwa anasikiliza, sikuweza kukwepa. "Si ndugu. Tumemwazima."

"Siku nyingi?"

"Watoto wake wamezaliwa hapa."

"Amepanda mti?"

"Hapana. Si ndiyo tumeeleza?"

Mgeni aliitikia kwa kichwa. Alijifuta tope, akasimama, na akaniangalia. Lile jicho nililijua. Ni jicho la mtu anayekupima, anajiuliza utamfanyia nini kesho; ni lile lile nililokuwa nimempa yeye tangu siku aliyonisalimia shikamoo. Kumbe kwa siku zote hizo aliniona mkulima mwenzake, na sasa ndiyo kwanza ameona kwamba mimi ndiye yule binti wa mjini anayepelekewa mkate. Nilikasirika. Nani kamwambia mimi nakaa mjini? Nani kamwambia naweka sola? Nilikuwa na maneno ya kumjaza kapu zima, lakini hakukuwa na swali la kujibu.

Kesho yake aliondoka. Aliniaga kwa mkono, si kwa kunikumbatia kama alivyowakumbatia wengine. Mche ulibaki. Bibi shamba aliusahau ukingoni mwa uani kwetu, kando ya njia ya kwenda chemchemini, na mimi sikuupanda wala sikuutupa. Kuupanda niliona kama kumtii mtu. Kuutupa mama asingenielewa. Nikauacha ufe wenyewe kwa wakati wake.

Masika yakaja yakapita. Kiangazi kikaingia, majani ya migomba yakapasuka, vumbi likaanza kupanda kutoka barabarani. Nilikuwa napita kando ya ule mche kila siku na ndoo kichwani, na kila siku nilishangaa kidogo kwamba bado ni wa kijani. Sikuusogelea. Niliwaza pengine parachichi za mradi zimewekwa dawa, maana hao watu wanaweka dawa kwenye kila kitu.

Maharage yalipokauka baba mapacha akaja na ngoto. Alisimama pale anaposimama siku zote, ukingoni mwa uani, kofia mkononi, ndoo miguuni. "Shikamoo mama." Akasalimia na ndani, "Shikamoo bibi," mama akaitikia kutoka kitandani. Nikayamwaga maharage kwenye kapu, mazuri, yamepepetwa mpaka yanang'aa. Tukaongea habari za mapacha, mmoja ana homa, mwingine hataki shule. Kisha, kama kila mwaka, akakohoa kidogo na kuuliza, "Na msimu ujao, mama, vipi? Tutalima?"

Miaka yote nilidhani ile ni salamu. Kweli kabisa. Nilidhani ni namna yake ya kuaga.

"Lima tu, baba," nikasema.

Akashukuru mara mbili, akainama, akaondoka. Nikabaki nimesimama na kapu. Macho yakaenda kwenye mche, na sijui kwa nini, siku ile nikaenda kuuangalia karibu. Kiriba kilikuwa kizito. Udongo wake ulikuwa umelowa, siku ya vumbi kama ile. Mtu ambaye kila asubuhi hupita hapo kuteka maji ni mmoja tu zaidi yangu. Na chini ya kiriba kulikuwa na jiwe bapa la mtoni, pana, safi, ambalo sikuliweka mimi. Mche ulikuwa umekalishwa juu yake katikati, kwa uangalifu, ili hata mzizi mmoja usitoboe mfuko ukagusa ardhi yetu.

Kisha nikaona ndoo yake. Alikuwa ameisahau. Pale pale nilipo nikamwita kwa nguvu, "Baba mapacha! Wewe! Hebu rudi hapa!"

Alisimama kwenye njia. Akageuka taratibu, na uso wake ulikuwa umeshuka wote. Aliniona nimesimama karibu na mche, na mkono wangu uko juu ya kiriba. Kofia ilirudi mkononi.

"Sijaupanda, mama," akasema haraka haraka. "Haki ya Mungu sijaupanda. Angalia, nimeuweka juu ya jiwe."

Mimi nilikuwa namwita achukue ndoo yake.